“Jeraha la Sehemu ya Juu ya Mwili”: Ridhaa na Faragha ya Taarifa za Matibabu katika Hoki ya Barafuni ya Vyuo Vikuu vya Marekani

1.0 Utangulizi

Mpira wa magongo unaofahamika zaidi Afrika Mashariki huchezwa kwa miguu. Hoki ya barafuni, ambayo ina mizizi mirefu katika vyuo vikuu vya kaskazini mwa Marekani, ni mchezo wa namna nyingine. Wachezaji sita wa kila upande, akiwemo kipa, huteleza kwa kasi juu ya barafu wakiwania kisahani kigumu kilichotengenezwa kwa mpira, ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta. Katika hoki ya wanaume, kumkumba mpinzani kwa mwili kunaruhusiwa kwa masharti. Katika hoki ya wanawake kanuni ni kali zaidi, lakini kugongana hakukwepeki. Matokeo yake ni majeraha ya bega, goti na kinena, pamoja na mtikisiko wa ubongo. Kinga kamili ya uso, ambayo ni ya lazima katika hoki ya vyuo, huokoa macho na meno, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Mchezaji anapokosa mechi, maelezo yanayotolewa kwa umma mara nyingi huwa mafupi: ana “jeraha la sehemu ya juu ya mwili” au “la sehemu ya chini”. Kauli hii imezoeleka pia katika ligi ya kulipwa ya NHL. Waandishi wa habari wakitaka kujua zaidi, hutajiwa sheria ya faragha. Makala hii inafafanua kuwa usiri huo hautokani na sheria peke yake, na kwamba mara nyingi hulinda maslahi ya timu kuliko ya mwanamichezo. Hoja kuu ni kwamba faragha ya mwanamichezo haipimwi kwa uchache wa maneno yanayotolewa kwa umma, bali kwa mamlaka aliyonayo yeye mwenyewe juu ya taarifa zake, hata ndani ya timu.

2.0 Sheria Mbili na Mipaka Yake

Sheria inayotajwa zaidi ni ile ya bima ya afya ya mwaka 1996, ijulikanayo kwa kifupi kama HIPAA. Kanuni zake za faragha zinawabana watoa huduma za afya wanaofanya miamala ya kielektroniki ya aina fulani, mashirika ya bima ya afya na taasisi zinazochakata miamala hiyo. Kocha si miongoni mwao, na idara ya michezo kwa kawaida si miongoni mwao pia. Zaidi ya hayo, kanuni hizo zinaziondoa waziwazi kumbukumbu za elimu zinazosimamiwa na sheria nyingine, yaani sheria ya mwaka 1974 kuhusu haki za kielimu na faragha ya familia, FERPA. Wizara za afya na elimu za serikali ya shirikisho zilitoa mwongozo wa pamoja kuhusu mpaka huo mwaka 2008, na kuurekebisha mwaka 2019.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ugumu wa mpaka huo. Mchezaji aliyeumia goti anapopelekwa katika hospitali isiyo ya chuo, ripoti ya picha ya goti lake huwa chini ya HIPAA. Ripoti hiyo ikitumwa chuoni na kuhifadhiwa katika jalada lake la uanafunzi, huwa chini ya FERPA. Karatasi ni ileile na goti ni lilelile, ila sheria imebadilika. Aidha, kumbukumbu za daktari wa chuo kuhusu mwanafunzi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi huhesabiwa kuwa za matibabu tu pale zinapobaki mikononi mwa wanaomtibu. Zikionyeshwa kwa mtu mwingine kwa lengo lisilo la matibabu, kama vile kuamua iwapo mchezaji ataingia uwanjani, hugeuka kumbukumbu za elimu.

FERPA yenyewe ina mianya inayogusa michezo moja kwa moja. Kwanza, inakiruhusu chuo kutangaza taarifa za utambulisho, zikiwemo ushiriki wa mwanafunzi katika michezo rasmi pamoja na uzito na urefu wa wachezaji, isipokuwa mwanafunzi amekataa. Majeraha hayamo katika orodha hiyo. Pili, inawaruhusu watumishi wa chuo wenye sababu halali ya kielimu kuziona kumbukumbu bila ridhaa ya mwanafunzi, na vyuo hupewa nafasi ya kufasiri sababu hiyo. Tatu, inalinda kumbukumbu na yaliyomo ndani yake, si kile mtu alichokiona kwa macho yake. Kocha aliyemwona mchezaji akianguka na kushika bega anaweza kusimulia alichokiona. Nne, mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Gonzaga University dhidi ya Doe, iliamua kuwa mwanafunzi hawezi kufungua kesi binafsi kwa kuegemea FERPA. Adhabu iliyobaki ni serikali kukinyima chuo fedha, hatua nzito kiasi kwamba haiwezi kuwa tegemeo la mwanafunzi mmoja.

3.0 Ridhaa na Uhusiano wa Mamlaka

Pengo hilo huzibwa kwa fomu za ridhaa. Chini ya FERPA, ridhaa halali huandikwa, hutiwa saini na tarehe, na hutaja kumbukumbu zitakazotolewa, lengo la kuzitoa na watakaozipokea. Chini ya HIPAA, idhini lazima iwe na ukomo na iweze kubatilishwa, na kwa kawaida matibabu hayapaswi kutegemea idhini hiyo.

Kimaandishi, masharti haya yanatosheleza. Kiutendaji, fomu huja pamoja na fomu nyingine mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mbele ya mwanafunzi ambaye nafasi yake katika timu, na pengine ufadhili wake, vinategemea uamuzi wa walewale wanaonufaika na saini hiyo. Hata pale fomu inapoeleza kuwa kutia saini ni hiari, kukataa kunaweza kutafsiriwa kuwa ni kutokuwa tayari kwa timu. Hivyo basi, ridhaa inaweza kuwa sahihi kisheria na bado ikakosa uhuru unaoipa maana.

4.0 Wanaonufaika na Usiri

Kauli ya “sehemu ya juu ya mwili” ina faida ya wazi kwa kocha. Mpinzani asiyejua ni bega lipi linalouma hawezi kulilenga, wala hawezi kupanga mbinu zake kwa uhakika. Mchezaji naye anaweza kunufaika. Wachezaji wa vyuo huteuliwa na klabu za NHL, na jeraha la goti likijulikana linaweza kupunguza thamani yake. Katika hali hii maslahi ya kocha na ya mchezaji hukutana, lakini kukutana huko ni kwa nasibu. Siku ambayo timu itanufaika kwa kutangaza, mchezaji hana kinga nyingine zaidi ya ile iliyo katika fomu.

Siku hiyo imesogezwa karibu na kamari ya michezo. Mei 2018 Mahakama ya Juu, katika shauri la Murphy dhidi ya NCAA, ilibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo mengi kuhalalisha kamari hiyo. Tangu hapo taarifa za ndani kuhusu nani ameumia zimekuwa na bei. Mwaka 2023 shirikisho la Big Ten, ambalo huendesha pia mashindano ya hoki, lilianza kutoa ripoti za upatikanaji wa wachezaji kabla ya mechi za mpira wa miguu wa Kimarekani. Ripoti za namna hiyo husema nani hatacheza na nani ana shaka ya kucheza, bila kutaja ugonjwa au jeraha. Utaratibu huo unaonyesha kuwa mahitaji ya umma yanaweza kutimizwa bila kufungua jalada la matibabu.

5.0 Mtikisiko wa Ubongo: Faragha Ndani ya Timu

Goti lililovimba huonekana. Mtikisiko wa ubongo, kwa sehemu kubwa, hujulikana kwa maneno ya aliyeumia: kichwa kinauma, mwanga unamkera, kumbukumbu inapotea. Matibabu yake hutegemea ukweli wa mgonjwa, na ukweli huo hutegemea imani kwamba kinachosemwa kwa daktari hakitageuka hoja ya kumpokonya nafasi. Tangu mwaka 2010 NCAA inavitaka vyuo wanachama kuwa na mpango wa kushughulikia mtikisiko wa ubongo. Mchezaji aliyebainika kuupata harudi uwanjani siku hiyo, na wanamichezo hutia saini kukubali wajibu wa kuripoti dalili.

Wajibu wa kuripoti umeandikwa, lakini ulinzi wa anayeripoti haukuandikwa kwa uzito uleule. Hatua ya mwaka 2016, ambapo mashirikisho makubwa ya daraja la kwanza yaliwapa madaktari na wataalamu wa tiba ya wanamichezo mamlaka ya mwisho kuhusu kurudi uwanjani, ilipunguza tatizo. Ikiwa uamuzi si wa kocha, kocha anahitaji kujua jibu tu: anaweza kucheza au hawezi. Dalili za huzuni, kukosa usingizi au historia ya majeraha ya nyuma hazimhusu.

6.0 Mwenye Taarifa ni Nani?

Tarehe 20 Oktoba 1995, Travis Roy wa Boston University aliumia uti wa shingo sekunde 11 tu baada ya kuingia katika mechi yake ya kwanza ya chuo, akapooza. Jeraha hilo lilitokea mbele ya watazamaji, na hakuna sheria ambayo ingeweza kulificha. Hata hivyo, maisha yaliyofuata yalisimuliwa kwa uamuzi wake. Mwaka 1996 alianzisha mfuko wa kuwasaidia walioumia uti wa mgongo, na akaendelea kuzungumza hadharani hadi miaka ya mwisho ya maisha yake. Alifariki mwaka 2020. Mfano huu unathibitisha kuwa faragha na uwazi si mahasimu. Uwazi uliochaguliwa na mhusika ni matumizi ya haki ileile inayomruhusu mwingine kunyamaza.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kuwa HIPAA hutajwa mahali ambapo mara nyingi haitumiki, na FERPA hutumika mahali ambapo nguvu yake ni ndogo. Kutokana na hali hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, ridhaa iombwe kwa kila jeraha, na iombwe na mtumishi asiyepanga kikosi. Pili, taarifa kwa kocha na kwa umma ziishie kwenye upatikanaji wa mchezaji. Tatu, kumbukumbu za mtikisiko wa ubongo zibaki mikononi mwa wanaotibu, hata pale ambapo sheria inaruhusu zitoke. Mapendekezo haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji chuo kikubali kwamba mchezaji aliyelala juu ya kitanda cha uchunguzi ni mgonjwa kwanza, na mwanamichezo baadaye.