Unene wa mbao za gitaa

Unene wa mbao za gitaa ni kipimo anachoamua fundi anaporanda ubao wa juu, mgongo na mbavu za gitaa lisilotumia umeme. Ubao wa juu ukiwa mnene mno, nyuzi hushindwa kuutetemesha na sauti hufifia. Ukiwa mwembamba mno hupinda penye daraja, kwa kuwa nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilogramu 70 hivi.

Ukakamavu wa ubao hutegemea kipeo cha tatu cha unene wake. Kutoka milimita 3 hadi 2.5, uzito hupungua kwa asilimia 17 tu, lakini ukakamavu hupungua kwa asilimia 42. Kwa hiyo rula peke yake haitoshi: fundi huukunja ubao kidogo kwa mikono, huugonga na kusikiliza kabla ya kuranda tena, maana kilichorandwa hakirudi.

Kila mti una kipimo chake. Mpingo, unaoota pia katika nyika za mkoa wa Tanga, ni mzito hata huzama majini. Ukitumika kwa mgongo na mbavu huweza kurandwa hadi karibu milimita 2. Mtiki, unaopandwa Longuza wilayani Muheza, una karibu nusu ya uzito huo, nao huachwa mnene zaidi kidogo.

Pwani, mbao hufyonza unyevu wa hewa na kutanuka. Gitaa lililoundwa kwa mbao zenye unyevu likipelekwa penye hewa kavu, mgongo husinyaa na huweza kupasuka, hata kama unene ulipimwa sawasawa.