Filta ya foni: sikiliza kwanza, nunua baadaye

Hapa Nyakasanza, kama kwingine Ituri, redio ya masafa mafupi tunaiita foni. Parokia, hospitali na viwanja vidogo vya ndege vimeitegemea miaka mingi, maana sauti yake inafika Mambasa au Aru bila mnara wa simu. Mimi ni fundi wa mashine hizo, na jioni ni mtu wa redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na walio mbali bila biashara yoyote. Wateja wananiuliza: "Fundi, niweke filta gani ili kelele iishe?"

Haiishi. Filta ni chekecheo: mchanga uliosagika sawa na unga unapita pamoja nao. Inamzuia anayezungumza juu kidogo au chini kidogo ya masafa yako. Kelele iliyokaa palepale unaposikiliza inaingia. Radi za Bonde la Kongo zinatapakaa kila mahali, na filta nyembamba mno huzirefusha: badala ya mpasuko mfupi, unasikia mlio unaovuma.

Sauti ya mtu kwenye foni inahitaji upana wa kilohezi 2.4 hivi, na mashine nyingi huja na filta ya kadiri hiyo. Ukiweka ya 1.8, jirani anapungua, lakini herufi kali zinafifia. Kwetu namba husemwa sana kwa Kifaransa, na "six" na "dix" zikishakatwa makali hujui umeagizwa katoni sita za dawa au kumi. Filta ya hezi 500 ni ya Morse. Inapunguza kelele hadi karibu moja ya tano ya ile ya 2.4, lakini sauti ya mtu haieleweki humo.

Basi 1.8 ina kazi gani? Usikilize 7 megahezi usiku. Tangu mwaka 2009, upande wetu wa dunia watu wa ridhaa wana 7.0 hadi 7.2, juu ya hapo kuna vituo vya utangazaji vyenye nguvu kubwa. Ukikaa karibu na mpaka huo, au katikati ya msongamano wa wenzako, mwenye nguvu akifungua mdomo mashine yako inajipunguza yenyewe, na yule unayemtaka anazama. Filta ya sauti iliyofungwa kwenye spika haimwokoi, kwa sababu mashine imeshajipunguza huko nyuma. Lazima filta ikae ndani, mapema, kabla ya sauti kukuzwa sana.

Icom IC-718, kwa mfano, ina nafasi moja tu ya filta ya kuongeza, kwa hiyo huwezi kuchukua ya sauti na ya Morse pamoja. Ukinunua filta iliyotumika, soma masafa yake: ya kilohezi 455 haiwezi kukaa penye ya megahezi 9, hata zikifanana umbo. Mwenye IC-7300, iliyotoka 2016, hana shida hiyo. Upana anaupanga kwa kitufe, kwa hesabu za kompyuta iliyomo.

Lakini kabla hujatoa dola zako, zima jenereta, chomoa konvetisa, chaja za simu na kidhibiti cha sola, kisha sikiliza kwa betri peke yake. Kelele ikishuka, adui yumo nyumbani mwako, na filta usiinunue.