Kubadilisha koili na nyaya za plagi

Kubadilisha koili na nyaya za plagi ni kazi ya ufundi wa magari ambayo kwayo vifaa chakavu vinavyotengeneza na kupeleka umeme wa volti nyingi kwenye plagi za injini ya petroli huondolewa na kuwekwa vipya. Kazi hii haihusu injini za dizeli, kwa kuwa hizo huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila kutumia cheche.

Vifaa vyenyewe ni vichache, na kwa kawaida hufungwa kwa bolti chache tu. Ugumu hutokana na mahali vilipo. Katika magari mengi injini imebanwa kiasi kwamba mkono haufiki vizuri na jicho halioni kinachoshikwa. Hapo ndipo waya huchomekwa kwenye silinda isiyo yake, au plagi huingizwa kwa upande na kuharibu meno ya kichwa cha silinda. Kwa sababu hiyo, utaratibu katika kazi hii ni muhimu kuliko nguvu.

Jinsi vifaa vinavyofanya kazi

Betri ya gari hutoa takriban volti 12. Kiasi hicho hakitoshi kuruka upenyo wa plagi, ambao kwa injini nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, hasa ndani ya silinda yenye mchanganyiko wa hewa na petroli ulioshindiliwa. Kazi ya koili ni kuongeza volti hizo.

Ndani ya koili kuna mizingo miwili ya waya wa shaba juu ya kiini cha chuma. Mzingo wa kwanza una mamia ya mizunguko ya waya mnene, na wa pili una maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba sana. Mkondo wa betri unapopita katika mzingo wa kwanza hujenga uga sumaku. Mkondo ukikatwa ghafla, uga huo huporomoka na kuzalisha katika mzingo wa pili umeme unaoweza kufikia volti 20,000 hadi 40,000. Umeme huo ndio unaoruka kwenye ncha ya plagi kama cheche.

Kuna njia tatu kuu za kuufikisha umeme huo kwenye plagi:

- Distributa. Koili ni moja. Rota inayozunguka ndani ya kifuniko cha distributa huugawa umeme kwa zamu, na kila silinda ina waya wake.
- Koili ya silinda mbili. Koili moja hutoa cheche katika silinda mbili kwa wakati mmoja. Moja inakuwa tayari kuwaka, na nyingine iko katika hatua ya kutoa moshi, hivyo cheche yake haifanyi kazi yoyote.
- Koili juu ya plagi. Kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake moja kwa moja, na nyaya ndefu hazihitajiki tena.

Mwendo wake ni wa kasi kubwa. Katika injini ya silinda nne yenye distributa, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, koili moja hutoa cheche 100 kila sekunde. Ndiyo maana kasoro ndogo katika waya au koili huonekana upesi katika mwendo wa gari.

Historia

Msingi wa koili ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831 kwamba uga sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya. Mwaka 1836 padre na mwanasayansi wa Ueire, Nicholas Callan, alitengeneza koili ya mizingo miwili. Baadaye Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris, aliiboresha. Étienne Lenoir alitumia koili ya aina hiyo kuwasha injini yake ya gesi mwaka 1860.

Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Bosch, alikamilisha mfumo wa magneto ya volti nyingi pamoja na plagi yake. Nchini Marekani, Charles Kettering aliunda mfumo wa betri, koili na pointi, ambao ulienea duniani na kutumika kwa miongo mingi. Kuanzia miaka ya 1970 pointi zilianza kuachwa na kazi ya kukata mkondo ikachukuliwa na transista. Magari mengi ya petroli yanayotengenezwa leo hutumia koili juu ya plagi.

Dalili za uchakavu

Waya wa plagi huzeeka kwa joto, mafuta na mtikisiko. Mpira wake hukauka na kupasuka, na umeme hupata njia fupi ya kuvujia kwenye chuma cha injini badala ya kufika kwenye plagi. Unyevu huongeza hali hiyo. Gari linaloendeshwa vizuri wakati wa jua linaweza kugoma asubuhi ya mvua, au mara baada ya injini kuoshwa kwa maji ya presha. Koili nayo huharibika pale kihami cha ndani kinapopasuka. Mara nyingi hufanya kazi ikiwa baridi na kushindwa ikishika moto.

Dalili za kawaida ni hizi:

- injini kutetemeka ikiwa imesimama, na kukosa nguvu mlimani au ikiwa na mzigo (mafundi husema gari "linamisi");
- matumizi ya petroli kuongezeka;
- harufu ya petroli isiyoungua kwenye bomba la moshi;
- taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi, na kifaa cha kusoma hitilafu kuonyesha namba kama P0301, yaani silinda ya kwanza haiwaki ipasavyo.

Kuendelea kuendesha gari katika hali hiyo kuna gharama. Petroli isiyoungua huingia katika kichujio cha kemikali kilichopo kwenye bomba la moshi na kuungulia humo. Kichujio hupata joto kupita kiasi na kuyeyuka ndani, na bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya waya mmoja.

Kupima kabla ya kununua

Dalili hizo huweza pia kusababishwa na plagi chakavu, noseli iliyoziba au silinda iliyopoteza mgandamizo. Hivyo si sahihi kununua koili kwa kukisia.

Waya hupimwa kwa mita ya umeme baada ya kuchomolewa. Nyaya nyingi za kisasa zina kiini cha kaboni chenye ukinzani wa maelfu kadhaa ya omu, na Toyota huweka kikomo cha omu 25,000 kwa waya mmoja katika injini zake nyingi. Waya mrefu huwa na ukinzani mkubwa kuliko mfupi. Mita isipoonyesha kitu, waya umekatika ndani. Uvujaji huonekana kwa urahisi zaidi gizani: injini ikiwa inanguruma, cheche za buluu huruka kutoka kwenye waya uliopasuka.

Koili ya mtindo wa zamani hupimwa mizingo yote miwili. Wa kwanza huwa na omu chache, na wa pili huwa na maelfu ya omu. Koili nyingi zinazokaa juu ya plagi haziwezi kupimwa hivyo kwa sababu zina transista ndani. Njia rahisi ni kubadilishana nafasi: koili ya silinda ya kwanza huhamishiwa kwenye silinda ya pili. Hitilafu ikihama kutoka P0301 kwenda P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, sababu hutafutwa kwingine.

Tatizo la nafasi finyu

Nafasi hubana kwa namna mbalimbali. Katika magari yenye injini ya V6 iliyolazwa kwa ubavu, plagi tatu za nyuma hutazama ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Katika baadhi yake lazima sehemu ya juu ya mfumo wa hewa ifunguliwe kwanza.

Mfano unaofahamika Afrika Mashariki ni Toyota HiAce ya zamani, iliyotumika sana kama daladala na matatu. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Matoleo ya petroli yenye injini ya 1RZ ya lita 2.0 yana silinda nne na distributa. Fundi huinua viti na kufanya kazi kutoka juu, akiwa ndani ya gari. Injini iliyotoka safarini hubaki na joto kwa muda mrefu katika chumba hicho, na bolti inayodondoka huweza kukwama pasipoonekana.

Vifaa vinavyosaidia ni spana ya plagi yenye mpira au sumaku ya kushika plagi, viungio virefu na vifupi vya kurefusha spana, kiungio kinachokunja kona, kioo kidogo chenye mpini, taa ya kuvaa kichwani na kijiti chenye sumaku. Kipande cha mpira wa kupitishia petroli, chenye urefu wa takriban sentimita 30, nacho kina kazi muhimu inayoelezwa hapa chini.

Hatua za kazi

1. Injini huachwa ipoe kabisa, kisha waya hasi wa betri hufunguliwa. Meno ya kichwa cha silinda cha alumini huharibika kwa urahisi plagi ikifunguliwa ikiwa na moto.
2. Nyaya hupigwa picha na kila moja huwekewa karatasi ya gundi yenye namba ya silinda yake, upande wa plagi na upande wa distributa.
3. Vumbi kuzunguka plagi hupulizwa kwa hewa ya presha ili lisianguke ndani ya silinda.
4. Waya mmoja huondolewa. Hushikwa kwenye kofia yake ya mpira, huzungushwa nusu mzunguko ili uachie, kisha huvutwa. Kuvuta waya wenyewe hukata kiini chake.
5. Waya mpya wenye urefu uleule huwekwa mahali pake kabla ya kugusa wa pili. Huu ndio ulinzi mkubwa dhidi ya kuchanganya.
6. Plagi zikibadilishwa pia, kila moja huchomekwa kwenye kipande cha mpira na kuzungushwa kwa vidole. Ikianza kwa upande, mpira huteleza badala ya kulazimisha meno. Spana hutumika mwishoni tu, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.
7. Koili hufunguliwa baada ya kuandika waya upi uko kwenye alama ya chanya na upi kwenye hasi. Koili mpya lazima iwe ya aina ileile, kwani baadhi huhitaji kizuizi cha nje cha mkondo na nyingine hazikihitaji.
8. Nyaya hurudishwa kwenye vishikizo vyake, mbali na bomba la moshi. Kofia husukumwa hadi mlio mdogo wa kushika usikike au uhisiwe.

Makosa ya kawaida

Kosa linaloongoza ni kuchomoa nyaya zote kwa pamoja. Injini nyingi za silinda nne, pamoja na 1RZ, huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, wala si 1-2-3-4. Nyaya mbili zikibadilishana, cheche hufika wakati silinda haiko tayari. Injini hutetemeka, hupiga mlipuko kwenye kabureta au bomba la moshi, au hukataa kuwaka kabisa. Hapo mwenye gari huweza kuambiwa kuwa koili mpya ni mbovu, kumbe nyaya ndizo zimekosewa.

Kosa jingine ni kugeuza chanya na hasi za koili. Injini huweza kuwaka, lakini cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka, na udhaifu huonekana gari likiwa na mzigo.

Usalama

Umeme wa koili huweza kumrusha mtu na kumfanya agonge mkono au kichwa kwenye feni na sehemu zenye moto. Ni hatari zaidi kwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, naye hapaswi kukaribia nyaya hizo injini ikiwa inawaka. Desturi ya kuchomoa waya injini ikinguruma ili kuona cheche haifai: huhatarisha mtu, na huweza kuunguza koili na transista. Petroli iliyomwagika hukaushwa na chumba cha injini huachwa kipate hewa kabla ya betri kurudishwa.

Baada ya kazi, injini huwashwa na kusikilizwa kabla ya kufunika viti au boneti. Ikinguruma kwa utulivu, hesabu ya vifaa hufanywa kwanza, maana spana iliyosahauliwa mahali finyu hudondoka gari likiwa barabarani.