Sindano ya Kiungo na Maumivu ya Kiuno

Wagonjwa wawili wa kiuno wanaweza kuchomwa sindano ileile, ya dawa ileile, mahali palepale pa mgongo. Baada ya siku chache mmoja aweza kuinama na kufunga viatu vyake bila taabu, na mwenzake akawa bado anajikongoja kama awali. Tofauti hii imewashughulisha madaktari kwa miaka mingi, nayo haiwezi kueleweka pasipo kwanza kuuchungua uti wa mgongo wenyewe.

Kiunoni mna pingili tano. Kwa upande wa mbele, pingili moja hukaa juu ya nyingine, na kati yao pana kisahani laini kinachopunguza kishindo. Kwa upande wa nyuma kila pingili huungana na ya chini yake kwa viungo viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto. Ijapokuwa ni vidogo, viungo hivi vimeumbwa sawasawa na goti: ncha za mifupa zimevikwa gegedu, zimezungukwa na utando, na ndani mna ute wa kulainisha. Nafasi iliyomo ni finyu mno, haichukui zaidi ya mililita moja au mbili za dawa. Mtu akijipinda kwa nyuma, viungo hivi hubanana. Akiinama mbele, huachana. Aidha kila kiungo hupata mishipa ya fahamu kutoka ngazi mbili za uti wa mgongo, ndiyo sababu mgonjwa hushindwa kuonyesha kwa kidole kimoja mahali hasa panapouma.

Katika mwaka 1911 Joel Goldthwait, daktari wa Boston, alieleza kwamba viungo hivi vyaweza kuwa chanzo cha maumivu ya kiuno. Mwaka 1934 Mixter na Barr walionyesha jinsi kisahani kilichopasuka kinavyoubana mshipa wa fahamu, na tangu hapo kisahani kikawa ndicho mshtakiwa mkuu. Viungo vikasahauliwa kwa muda mrefu. Vilirejea mwaka 1976, wakati Mooney na Robertson walipotia ndani yake maji yenye chumvi nyingi huku wakiiongoza sindano kwa eksirei. Maumivu yalizuka kiunoni na makalioni, na mara nyingine yakateremka mguuni. Basi ikadhihirika kwamba maumivu ya mguu si lazima yawe ushahidi wa kisahani kibovu.

Sindano inayotumiwa kwa kawaida huwa na dawa mbili. Ya kwanza ni ganzi, kwa mfano lidokeini. Habari ya maumivu husafiri kwenye mshipa wa fahamu kwa njia ya umeme, na umeme huo huzaliwa pale chembe za sodiamu zinapoingia kwa kasi kupitia vijilango vilivyo katika ukuta wa mshipa. Ganzi huviziba vijilango hivyo, na habari haifiki kwenye ubongo. Lakini kazi yake ni ya saa chache tu. Dawa ya pili ni ya jamii ya kotisoni, homoni inayofanana na ile itengenezwayo na tezi zilizo juu ya figo. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliijaribu kwa mgonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Dawa hii huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na joto, na zinazoifanya mishipa ya fahamu iwe myepesi kuuma.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni jepesi: sindano haiwezi kumsaidia mtu ambaye maumivu yake yanatoka kwingine, kama vile kwenye kisahani, misuli au kiungo cha nyonga. Ugumu umo katika kumtambua anayestahili. Picha za eksirei hazitoshi, maana wazee wengi wana viungo vilivyochakaa na hawaumwi hata kidogo.

Wataalamu wakabuni mtihani. Mgonjwa huchomwa ganzi ya muda mfupi, na siku nyingine ganzi ya muda mrefu zaidi iitwayo bupivakeini. Ikiwa kiungo ndicho chanzo, nafuu itapatikana mara zote mbili. Katika uchunguzi wa Schwarzer na wenzake uliochapishwa mwaka 1994, karibu nusu ya wagonjwa 176 walipata nafuu kwa sindano ya kwanza, lakini waliothibitishwa na ya pili walikuwa asilimia 15 tu. Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake tarakimu hizi: daktari anayeiamini sindano moja pekee hukosea mara nyingi kuliko anavyopata.

Je, kotisoni nayo? Mwaka 1991 Carette na wenzake, nchini Kanada, walichapisha jaribio lililowatia wengi mashaka. Wagonjwa 97 waliokwisha kupata nafuu kwa ganzi waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakatiwa dawa ya jamii ya kotisoni viungoni, wengine maji ya chumvi ya kawaida. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 42 ya waliopewa dawa walisema wamepata nafuu kubwa. Waliopewa maji ya chumvi? Asilimia 33. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitukuza dawa.

Lakini hao asilimia 33 hawakusema uongo. Mtu humwendea daktari wakati maumivu yamefikia kilele, na kiuno kina desturi ya kupanda na kushuka. Yamkini wengine wangepona nafuu hata bila kuguswa. Tena matumaini yenyewe huuamsha mwili. Mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields waliwachunguza watu waliong'olewa meno, wakaona kwamba nafuu iletwayo na dawa bandia huweza kuondolewa kwa naloksoni, dawa inayopinga afyuni. Maana yake ubongo hutoa vituliza maumivu vyake wenyewe. Zaidi ya hayo, misuli iliyokakamaa kwa kuulinda mgongo hulegea maumivu yanapokatika, hata kwa saa chache, na mgonjwa akaanza kujinyoosha na kutembea. Atakayeutumia muda huo kufanya mazoezi ana nafasi nzuri kuliko atakayelala kungoja sindano nyingine.

Sindano nyingine, kwa kweli, haziwezi kurudiwa ovyo. Kotisoni hupandisha sukari ya mwenye kisukari kwa siku kadhaa, na kila sindano iingiayo kiungoni ina hatari, ingawa ndogo, ya kupeleka vijidudu ndani. Baadhi ya hospitali huchoma kwa joto la umeme vijishipa vya fahamu vinavyohudumia kiungo, lakini vijishipa hivyo huota tena. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 251, lilionyesha kwamba njia hiyo ikiongezwa juu ya mazoezi haikuleta faida kubwa kuliko mazoezi peke yake. Wagonjwa hao walikuwa wamechaguliwa kwa sindano moja ya ganzi, si mbili, na hapo ndipo wapinzani wa jaribio hilo walipoanzia hoja yao.