Tusipite Mikumi Macho Yamefumbwa

Utalii unapotajwa, fikra za wengi wetu hukimbilia pwani: mchanga mweupe wa Unguja, minazi ya Bagamoyo na upepo wa Bahari ya Hindi katika fukwe za Dar es Salaam. Hayo ni mema, wala hayahitaji mtetezi. Lakini wapo wananchi wa Magomeni, wilayani Kilosa, ambao hawajapata kuiona bahari, nao ni majirani wa hazina ambayo wageni huvuka bahari hiyo hiyo kuja kuitazama. Hazina hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Jina lake limetokana na mikumi, miti mirefu iotayo katika sehemu hizo. Katika uwanda wa mto Mkata, twiga, pundamilia, nyumbu na nyati hula majani pamoja. Viboko hujilaza mabwawani. Tembo na simba nao hawakosi. Msafiri akishika njia ya Kidatu atafika milima ya Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Huko maji ya Sanje huporomoka kiasi cha mita 170, na huko ndiko anakoishi kima wa Sanje, asiyepatikana po pote duniani nje ya milima hiyo, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979.

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hata Zambia hupita katikati ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50. Abiria wa basi humwona tembo dirishani bila ya kulipa senti moja. Ni nchi chache zinazoweza kumpa msafiri wa kawaida zawadi ya namna hiyo.

Zawadi hiyo, kwa bahati mbaya, ina msiba ndani yake. Wanyama huivuka barabara kufuata maji na malisho, kama walivyofanya wazazi wao kabla ya lami kumwagwa, na usiku hukutana na magari yaendayo kasi. Abiria nao hutupa maganda ya ndizi na mabaki ya chakula, na nyani hufuata maganda hayo mpaka chini ya magurudumu. Vibao vya kupunguza mwendo vipo, matuta yapo, na faini ya kumgonga kila aina ya mnyama imetangazwa. Hata hivyo, faini haimfufui twiga.

Tusidhani kuwa wanyama hawa hawawezi kwisha. Katika eneo la Selous na Mikumi, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo wapatao 39,000; ile ya mwaka 2013 ilikuta 13,000 tu. Ujangili ulifanya kazi hiyo kwa miaka minne. Mwalimu Nyerere alikwisha kutamka mjini Arusha, Septemba 1961, kwamba wanyama wa porini ni amana tuliyopewa, nasi tunawajibika kuwahifadhia wajukuu wa watoto wetu. Amana hailindwi na askari wa hifadhi peke yao. Hulindwa na watu wanaoijua kuwa ni mali yao, na mtu hawezi kuijua mali ambayo hajapata kuikanyaga.

Kiingilio cha raia ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha mgeni. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma ina kituo Kilosa, na kutoka hapo Mikumi iko upande wa kusini, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Hapana budi shule zetu zipange safari, na vyama vya wafanyakazi navyo vifikirie kutumia siku moja ya mapumziko huko badala ya ufukweni.

Wenye magari tunawaomba jambo dogo zaidi. Mfikapo kwenye kibao cha hifadhi, punguzeni mwendo. Na wewe abiria, weka ganda lako mfukoni mpaka mji ujao. Dakika chache mtakazochelewa kufika Iringa zitaokoa maisha ya mnyama ambaye mtoto wa Magomeni bado hajapata nafasi ya kumwona.