Mafigo ikichoka, mwili wote unachoka

Mufereji wa shamba ukiziba, maji inabakia na mihogo inaozea udongoni. Mafigo ndiyo mifereji ya mwili. Inachuja damu usiku na mchana, inatoa uchafu na maji ya ziada kwa mukojo: litre moja ao mbili kwa siku.

Ikishindwa, miguu na uso vinavimba, pumzi inakatika. Damu nayo inapunguka, kwani mafigo ndiyo inauagiza mwili kuitengeneza. Mutu anashindwa kuinua jembe, nasi tunamwita muvivu!

Mwanzoni haiumi. Basi tusingoje: tupimishe tansio na sukari, tukunywe maji shambani, tuache kumeza diclofenac kila jioni juu ya mugongo. Ukiona uvimbe, kimbia kituo cha afya.