Tafuta "mogo", usitafute "muhogo"

Kwenye menyu za Southall, muhogo hauitwi muhogo. Ni "mogo". Wahindi waliotoka Kenya na Uganda walikuja na neno letu, limekatwa kidogo, na leo linauzwa pale Broadway pamoja na bhajia. Ukikazana kutafuta "muhogo" kwenye menyu utatoka na njaa, na huku muhogo uko jikoni unakaangwa.

Mimi nimepoteza wiki tatu kwa kosa hilohilo, ila si mkahawani. Ni kwenye hifadhi ya nyaraka mtandaoni.

Nyanya yangu ni mzaliwa wa Lamu, ana miaka 86. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akighani beti za mama mgonjwa anayemuusia bintiye. Siku hizi anaruka beti. Akifika mahali fulani ananyamaza, halafu anasema, "Imenipotea, mwanangu." Nikamwahidi nitaitafuta.

Chuo cha SOAS, hapa London, kina hati nyingi za Kiswahili, na picha za nyingi kati ya hizo ziko mtandaoni bure. Nikaingia, nikaandika kama ninavyoandika Google: "shairi la mama kwa binti". Hamna. Nikaandika mstari wa Nyanya neno kwa neno. Hamna.

Kumbe nilidhani mashine inazisoma hati. Haizisomi. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na kwenye skrini ni picha tu. Unachotafuta ni maelezo mafupi ya yule aliyeiorodhesha hati, na mara nyingi yako kwa Kiingereza. Kwa hiyo usijiulize shairi linasema nini. Jiulize: huyu mtu aliliitaje?

Nyumbani kwetu tuliliita "ule wasia", basi. Shangazi yangu wa Mombasa ndiye aliyenitumia sauti kwa WhatsApp: "Si huo ni wa Mwana Kupona!" Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Miaka yote hiyo nimeusikia bila kujua jina lake.

Haya ndiyo niliyojifunza baada ya hapo.

Badilisha tahajia. Bara na Unguja ni utenzi, Lamu ni utendi. Jaribu Mwana Kupona, kisha Mwanakupona. Jaribu Lamu na Amu, Mombasa na Mvita, Unguja na Zanzibar.

Tumia nyota, lakini kumbuka Kiswahili hubadilika mbele. Katalogi nyingi hukubali alama ya * mahali pa herufi usizozijua. "Uten*" itakuletea utenzi na utendi. Haitakuletea tenzi wala tendi, kwa sababu wingi umekula ile u. Tafuta tena upande huo.

Tumia jina la wakati ule. Kwenye katalogi ya National Archives kule Kew, barua za serikali kabla ya 1920 haziijui "Kenya Colony". Wakati huo ilikuwa East Africa Protectorate. "Tanzania" nayo usiitarajie kabla ya 1964. Halafu usishangae ukipata maelezo bila picha. Mengi ya kule bado ni karatasi, inabidi uende mwenyewe.

Ukipata kimoja, tembea. Usirudi kwenye kisanduku cha kutafutia. Angalia nani aliikusanya hati. Alice Werner na William Hichens walichapisha utendi huu mwaka 1934, na Hichens aliacha hati nyingi SOAS. Fungua mkusanyiko mzima, pitia moja moja kama unayepekua kabati la nyanya. Hapo ndipo unapokuta vitu ambavyo hukujua uvitafute.

Nakili namba ya hati. Mimi sikunakili, nikaanza upya siku ya pili.

Nilipoipata, nilimpelekea Nyanya kwenye tableti, nikaikuza. Mimi sikuweza kusoma hata herufi moja. Yeye alivaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza. Alipofika kwenye ile beti iliyompotea hakusimama, alipita nayo moja kwa moja. Beti kadhaa mbele akasita.

"Hapa amekosea huyu."

"Nani?"

"Aliyeandika. Mamangu hakusema hivi."

Akaighani ya mamake. Nashukuru simu ilikuwa inarekodi, maana hiyo sijaiona kwenye katalogi yoyote.

Mtamsikia mwenyewe kipindi kijacho. Kabla ya hapo, mpigie bibi yako, muulize lile shairi au ile hadithi mnaiitaje nyumbani, na uandike vile vile anavyolitamka. Usimsahihishe.